Ndani ya Jicho la Chui

Kanyiva alikuwa amefuta nyaya zote za seng'enge kwenye picha ya chui, isipokuwa mmoja.

Mpiga picha, mwanamume mnene, alisimama nyuma ya kiti cha Kanyiva, pale kwenye duka la kusafisha picha mtaani Ngara, akitafuna njugu. Chui alikuwa wa kufungiwa, lakini mpiga picha angesema alimvizia porini siku tatu.

"Jana nilikusikia kwa redio," Kanyiva akasema. "Ati picha zako haziguswi na kompyuta. Ati hiyo ni kazi ya wavivu."

"Hayo ni maneno ya redio tu. Usiyaweke kwa roho."

Kwa miaka minne Kanyiva ndiye aliyewachorea upya ndege wa picha zake mabawa yaliyotoka na ukungu.

Simu ikalia, mwanamume akatoka nje kuipokea. Kanyiva akalikuza jicho la chui hadi likajaa kioo cha kompyuta. Ndani yake waya ulipita mwembamba kama unywele, na nyuma ya waya alisimama mtu mnene mwenye kamera.

Akalirudisha jicho kwenye udogo wake.

"Imeisha?" mwanamume akauliza mlangoni.

"Karibu. Utaichapisha saizi gani?"

"Ukuta mzima wa hoteli."

Kanyiva akaliongezea jicho mwanga, kisha akahifadhi.