Jina Chini ya Mvumo

Ijumaa, saa nne asubuhi, manyunyu. Shangazi Bahia alichungulia chumbani.

"Hidaya, maji ya kumwoshea marehemu yamepoa mara mbili. Wasia unasemaje?"

"Kompyuta inavuma, Shangazi. Jina silisikii."

Mama alikuwa ameurekodi wasia kwa sauti hafifu. Spika za masikioni zilikuwa nyeti mno, zikanasa hata mvumo wa umeme wa kompyuta: "Anioshe..." kisha mlio kama wa nzi. Hidaya alikuwa amemuuguza miezi minane. Alijua jina ni lake. Alitaka tu kulisikia.

"Si uoshe wewe? Nani mwingine, yule dada yako mtoro, Saumu, aliyekuja kulia uani?"

Hidaya alichomoa waya wa chaji ukutani. Mvumo ukakatika papo hapo. Betri chakavu ilibakiza dakika mbili.

"Anioshe mwanangu Saumu. Hidaya amenigeuza vya kutosha. Alale."

"Umesikia?" Shangazi aliuliza.

Hidaya alimgeukia. "Saumu," alisema.

Shangazi alikwenda kuchemsha maji tena. Saumu alivua bangili zake. Hidaya alijilaza, spika masikioni, macho wazi, kompyuta imezimika.