Bi Mnana na Kiota cha Nyota Tano

Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, Kasuku alipata simu ya mkononi, na kufikia adhuhuri ndege wote wa mgunga aliokaa walikuwa wakichagua viota kwa picha na nyota alizoweka humo.

Madume ya mnana, ambao ndio wajenzi, wakageuza kazi yao siku hiyohiyo. Mlango uliotazama chini kuzuia mvua ukahamia mbele, upendeze pichani. Nyuzi za majani zikapungua, maua yakaongezeka.

Bi Mnana alikaribia kutaga, na bado hakuwa na kiota.

"Chukua hiki cha Mbwembwe, dada," Kasuku akamhimiza. "Nyota tano!"

"Nimeziona. Ngoja nikivute kwanza."

Mbwembwe, dume aliyekijenga, akacheka. "Nani anavuta kiota siku hizi? Mshamba wewe!"

Mama yake alivuta, bibi yake alivuta. Bi Mnana akashika uzi mmoja kwa mdomo, akavuta. Kiota kikaporomoka, maua na yote, kikamkaa Kasuku kichwani.

"Kasuku," majike wakapiga kelele, "na hiyo kofia ina nyota ngapi?"

Mti mzima ukaangua kicheko. Majike wakaanza kuvuta kila kiota, na jioni madume walikuwa wakirudisha milango chini huku wakiimba. Kasuku naye akaongeza alama mpya kwenye simu: "Kimevutwa."

Asubuhi iliyofuata Bi Mnana alikwenda kwenye kiota kisicho na nyota hata moja, chenye alama hiyo mpya. Akakivuta tena mwenyewe. Kisha akaingia, akataga.