Giza la Mtaa Mzima

Mtaani kwetu Mbeya taa hazizimwi, na matangazo hung'aa angani hadi asubuhi. Kila nyumba inaruhusiwa kuomba saa moja ya giza, mara moja tu. Jirani yetu Bibi Subilaga aliomba ya kwake ili aione nyotamkia kabla hajapofuka kabisa. Lakini giza la nyumba moja halitoshi. Mume wangu, Ambakisye, akapita kwa majirani kuwasihi, na wote wakakubali kutoa la kwao saa hiyohiyo.

Taa zilipozimika, tulimshikia bibi darubini.

"Naiona!" akasema. "Jamani, mkia wote ule! Mungu awabariki, wanangu."

Watu wakacheka, wengine wakalia, darubini ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia Ambakisye, aliangalia kidogo tu, akaishusha, akabaki kutazama anga zima.

"Bibi, na hizi nyingine ndogo ndogo, zimekuja pamoja nayo?"

"Hapana, baba. Hizo zipo siku zote."

Akanitafuta gizani, akanishika mkono kwa nguvu.

"Tutaziona tena lini?"

Hapakuwa na nyumba iliyobakiwa na giza.