Kadi ya Ombeni

Wakati wa Krismasi, waliokufa ndio hutuma kadi, na kila nyumba huzitundika sebuleni kwa vibanio vya nguo. Kila mwaka Nakijwa alishukuru kuikosa kadi ya mwanawe Ombeni, aliyekwenda kuchimba madini mwezini.

"Babu msimweke karibu na shangazi, watagombana," alimwambia mkwewe Elinipa, aliyekuwa akifunga uzi kutoka dirishani hadi kabatini.

Elinipa alicheka. Binti yake mdogo, ambaye hajajua kusoma, akafungua bahasha ya mwisho na kuinua kadi yenye picha.

"Bibi, baba huyu hapa. Tumweke wapi?"

Uzi ukamponyoka Elinipa. Nakijwa alikuwa ameshakibinya kibanio kikafunguka, na vidole vyake vikakataa kukiachia.