Pipa la Mzee Clifford

Lori la taka lilipoingia mtaani kwetu, halikukuta pipa hata moja nje.

"Mmehama nyote, dada?" dereva alinitania.

Nilicheka, mtoto kiunoni. Hapa hakuna anayekumbuka kama ni wiki ya pipa jeusi la taka za kawaida au la kijani la taka za bustani. Tunachungulia tu Mzee Clifford, anayeishi peke yake, ametoa lipi. Jana jioni mume wangu alichungulia, akasema, "Clifford hajatoa. Basi kesho lori haliji."

Kicheko kikanikauka.

Asubuhi hiyo majirani wote walikuwa wameshapita mlangoni pake, wakiwahi treni ya London.

Nikakimbilia mlangoni pake, nikainama kwenye tundu la kupitishia barua. "Mzee Clifford, umeamkaje?"

Redio tu ndiyo iliyosikika, ikisema treni zote zinakwenda kwa wakati.