Kikopo cha Kifungo

Kikopo kilirudi kimejaa pomoni, na hapo ndipo machale yalipomcheza fundi cherehani.

Siku tatu nzima binti yake wa miaka mitano, ambaye nyumbani walimwita Kifungo kwa umbo lake la mviringo, alikuwa akiingia chooni na kutoka na machozi. Mkojo wenyewe ni matone mawili tu, tena ya kubembelezwa. Leo hospitalini baba mtu kampeleka msalani dakika tano, na kikopo kinakaribia kumwagika.

"Tumemaliza," mumewe alisema haraka, akakikabidhi maabara.

Kifungo akacheka chinichini. Baba akamwekea kidole mdomoni.

Kumbe siku hizi wana siri! Fundi alimeza hasira.

Mwanaume huyu alishamtia wasiwasi kitambo. Mwezi huu peke yake fundi amempunguzia suruali kiuno mara mbili, na mtu mzima hakondi hivi hivi, kuna mtu anamkondesha. Usiku anatoka kitandani mara nne, eti haja ndogo. Haja gani hiyo isiyopata usingizi? Na kama mtoto naye ameshaonyeshwa huyo mwanamke, akaambiwa afunge mdomo, basi leo patachimbika.

"Nakwenda kununua maji," mumewe akasema. "Ile chupa imekwisha."

"Lita nzima, peke yako?"

Alishaanza kuondoka. Fundi alimsindikiza kwa macho mpaka getini, aone kama atatoa simu.

Daktari akawaita, mama na mtoto. Asubuhi alikuwa mcheshi. Sasa hakutabasamu.

"Maambukizi hayaonekani," alisema. "Ila mkojo umejaa sukari, mama. Nyingi mno. Tukichelewa, tunaweza kumpoteza."

Fundi alimvuta mtoto kifuani. Kifungo wake, wa pekee!

"Anakunywa maji kupita kiasi?"

"Hapana, daktari. Kikombe kimoja tu mpaka tugombane."

"Amekonda?"

"Huyu? Gauni nililomshonea juzijuzi halifungi mgongoni."

"Usiku anaamka mara kwa mara kukojoa?"

"Analala fofofo."

Daktari alikigeuza kikopo, akasoma jina, akalisoma tena. "Una hakika huu ni mkojo wa mtoto?"

Fundi alipiga magoti mbele ya binti yake, akamshika mabega. Hakujali tena habari ya mwanamke wala suruali.

"Mwanangu, sitakuchapa. Kule chooni baba alikukataza kusema nini?"

Kifungo alichungulia mlangoni kwanza.

"Iliniuma, mama, nikalia. Baba akasema nyamaza, akanijazia yeye."

Nje, kwenye benchi, mumewe alikuwa akimalizia chupa ya pili.