Jina Kwenye Kona ya Skrini

Fundi wa majokofu alikuwa amezunguka maduka mpaka akachoka, asijue achague skrini gani ya kuchezea gemu, ndipo mama mkwe wake akamwambia kwake ipo moja ya OLED, inauzwa.

"Ya nani, mama?"

"Mwenyewe amepata kubwa zaidi."

Akaiwasha kwa adabu. Weusi wake ulikuwa mweusi ti. Kisha akaijaza rangi ya kijivu tupu, maana skrini za aina hii picha ikikaa mno mahali pamoja huacha alama.

Alama ilikuwepo. Kwenye kona, pale gemu huandika jina la mwenye skrini, hafifu kama doa la chai lililofuliwa, yameganda maneno mawili: Bibi Radi.

Akayasugua kwa kidole. Hayakutoka.

Bibi Radi ndiye anayemgaragaza kila jioni mtandaoni, na fundi humporomoshea matusi kwa maiki mpaka koo linamkauka. Lakini nyumba hii ina mjane mmoja tu, na paka wake.

Akageuka. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kochi, akipapasa sugu ya kidole gumba.

"Mwanangu," akasema taratibu, "unaichukua, au kwanza nirudi jikoni kama ulivyoniagiza jana?"